Shika Mfano Kwanza: Maneno kwa Wanaoanza Aljebra Dhahania

(Hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wa hisabati wa mwaka wa pili mwanzoni mwa muhula. Naiweka yote hapa kwa ajili ya walioikosa. Nasikia wengi wao walikuwa bado kwenye foleni ya usajili.)

Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, viongozi wa wanafunzi, na ninyi wadogo zangu wa mwaka wa pili, habari za asubuhi?

Mbona mnaitikia kama watu waliokwisha kuona matokeo? Muhula ndiyo kwanza una wiki moja!

Nimeombwa niseme juu ya aljebra dhahania, kozi mnayoianza. Najua sifa zake zimewafikia kabla yangu. Kaka na dada zenu wa mwaka wa tatu wamewaambia kwamba ni hisabati isiyo na namba, kwamba ndiyo inayojaza watu kwenye supu, ile mitihani ya kurudia, kwamba kuna mtu alidisko, akaondolewa chuoni, kwa ajili yake. Wapo humu ambao tayari wamekusanya madesa, zile nakala za kukariri, ya miaka mitano nyuma. Msiyafiche, nayaona.

Sikuja kuwadanganya kwamba ni kozi nyepesi. Nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: shika mfano kwanza. Kabla ya fafanuzi, shika mfano. Kabla ya uthibitisho, shika mfano. Ukiona umekwama, jiulize: mfano wangu uko wapi?

Kwa nini nasema hivyo? Mlikotoka, mwalimu aliandika kanuni ubaoni, akafanya maswali mawili, nanyi mkafanya ishirini yanayofanana nayo. Aliyekariri hatua alifaulu. Wapo waliofika hapa na A zao kwa njia hiyo, wala siwalaumu, maana mtihani ndivyo ulivyotaka. Sasa wiki hii mwalimu ameingia akaandika: kundi ni seti pamoja na tendo, lenye masharti haya manne. Kisha akageuka kuwatazama. Hakuna cha kukokotoa, hakuna "tafuta x". Mwanafunzi anafanya nini? Anafanya analolijua. Anakariri masharti manne. Wiki ya tatu anakariri uthibitisho wa kwanza, wiki ya tano amekariri kumi. Ikifika wiki ya nane kila kitu kimefanana na kila kitu, na hapo ndipo mnaanza kusikia kwamba mwalimu ana roho mbaya.

Nianze na kijana mmoja wa Norwei.

Wanahisabati walikuwa na tatizo la zamani. Milinganyo ya kipeo cha pili walikwisha kuimudu. Al-Khwarizmi aliipanga na kuieleza kwa utaratibu huko Baghdad katika karne ya 9, na ninyi mmetembea na kanuni yake tangu sekondari. Mwaka 1545, Girolamo Cardano wa Italia akachapisha njia za kutatua kipeo cha tatu na cha nne. Njia zenyewe waligundua wengine, na ugomvi uliofuata ungetumalizia asubuhi yote. Watu wakasema, haya, sasa kipeo cha tano. Kikakataa. Kikakataa kwa zaidi ya miaka mia mbili na sabini.

Mwaka 1821, Niels Henrik Abel, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari katika mji ambao leo unaitwa Oslo, akaamini kwamba ameipata kanuni ya kipeo cha tano. Walimu wake waliisoma kazi yake wasione kosa. Ikapelekwa Copenhagen kwa Profesa Ferdinand Degen. Degen naye hakuona kosa. Lakini aliomba kitu kimoja tu. Aliomba nini?

Aliomba mfano! Alimtaka kijana achukue mlinganyo mmoja wenye namba zilizotajwa na autatue kwa njia yake, hatua kwa hatua. Abel akakaa kuutengeneza huo mfano, na akiwa katikati ya kazi ndipo alipoliona kosa ambalo macho ya wakubwa wote yalilipita.

Hilo halikumvunja moyo. Mwaka 1824 alichapisha, kwa fedha zake mwenyewe, uthibitisho kwamba kanuni ile haipo. Kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo, huwezi kupata kanuni moja itakayotatua milinganyo yote ya kipeo cha tano. Fedha zilikuwa chache, kwa hiyo aliubana uthibitisho wote katika kurasa sita, na waliousoma walipata taabu kweli. Aliugua kifua kikuu akafariki mwaka 1829, hajatimiza miaka 27.

Oneni swali lilivyogeuka. Karne zote hizo watu waliuliza "jibu ni lipi?" Abel akauliza "mbona halipatikani?" Na swali la pili hulijibu kwa kukokotoa zaidi. Unalijibu kwa kuacha kuzitazama namba zenyewe na kutazama jinsi majawabu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi. Mabadilishano hayo yana tabia zake na mpangilio wake, na mpangilio huo ndio uliozaa kundi. Aliyeuona kwa ukamilifu wake ni Évariste Galois wa Ufaransa.

Galois mnamjua, au mnaijua hadithi yake: kijana wa miaka 20 aliyeandika hisabati yake yote usiku mmoja, na kesho yake akapigwa risasi katika pambano la watu wawili. Hadithi hiyo mwaka wa pili wanaipenda sana, nadhani mnajua kwa nini. Basi niwaharibie. Kazi yake ya kwanza juu ya milinganyo aliipeleka kwa wanasayansi wakuu wa Paris mwaka 1829. Mwaka 1830 akapeleka nyingine, ikapotea. Mwaka 1831 akapeleka tena, wakamrudishia wakisema haieleweki. Usiku wa tarehe 29 Mei 1832 alichokiandika ni barua kwa rafiki yake Auguste Chevalier, akifupisha na kurekebisha mambo aliyoyafanyia kazi kwa miaka. Kwa hiyo anayelitumia jina la Galois kutetea msuli wa usiku mmoja kabla ya mtihani, namwomba amwache marehemu apumzike.

Sasa tutoke Ulaya. Nani ana saa ya mishale hapa? Wewe kaka, saa ngapi sasa?

Saa nne na robo. Vizuri. Na mshale mdogo umeelekea wapi? Kwenye kumi! Umesoma kumi ukasema nne, wala hukusita. Umefanya hesabu gani?

Umejumlisha sita. Kumi jumlisha sita ni kumi na sita, ukazunguka, ikawa nne. Sasa mgeni akikuuliza saa kwa hesabu ya kwao, nawe unajua ni saa nne, utamfanyia nini? Utajumlisha sita tena: nne na sita, kumi. Mbona hukutoa? Kwa sababu kwenye uso wa saa, kujumlisha sita na kutoa sita ni kitu kimoja. Ukijumlisha sita mara mbili umerudi ulipokuwa. Watu wote wa ukanda huu wanafanya hesabu hii kila siku, hata ambao hawajakanyaga darasa.

Tulieni hapo hapo kwenye saa. Chukua seti ya saa kumi na mbili, na tendo liwe kujumlisha kwa kuzunguka. Saa tisa jumlisha tano ni saa mbili. Je, kuna saa mbili ukizijumlisha utapata kitu ambacho si saa? Hakuna. Mabano yanajali? Hayajali. Je, ipo saa ambayo ukiijumlisha hakuna kinachobadilika? Kumi na mbili! Na je, kila saa ina mwenzake wa kuirudisha kwenye kumi na mbili? Tano ana saba. Tatu ana tisa. Sita anajirudisha mwenyewe, ndiyo siri ya huyu kaka na saa yake. Basi masharti manne ya kundi ndiyo hayo. Mmemaliza ukurasa wa kwanza wa desa bila kukariri neno.

Sasa chezeni. Anza kwenye kumi na mbili uruke tano tano: tano, kumi, tatu, nane, moja, sita, kumi na moja, nne, tisa, mbili, saba, kumi na mbili. Umepita kila mahali. Ruka nne nne: nne, nane, kumi na mbili. Umekwisha. Kwa nini tano inafika kote na nne haifiki? Zipo nyingine zinazofika kote? Sitawaambia. Ila mkumbuke kitu kilichoitwa KKS, kigawo kikubwa cha shirika, mlichofundishwa shule ya msingi mkadhani kazi yake imeishia kule.

Na mfano peke yake hautoshi; shikeni pia kisicho mfano. Namba kamili na tendo la kutoa: je, ni kundi? Kumi toa, ndani ya mabano tano toa mbili, ni saba. Hamisha mabano, kumi toa tano kwanza kisha toa mbili, ni tatu. Mabano yamejali, si kundi. Namba witiri na kujumlisha? Tatu na tano ni nane, na nane ni shufwa, umetoka nje ya seti. Si kundi. Asiyejua kutaja kitu kisicho kundi, bado hajajua kundi ni nini, hata akiitaja fafanuzi kwa sauti nzuri.

Muhula mmoja alikuja ofisini binti mmoja, hodari kweli, anaitaja fafanuzi ya isomofizimu, ule ufanano kamili wa makundi mawili, bila kukosea herufi. Nikamwambia: mwanangu, nipe makundi mawili yenye elementi nne, yaani vitu vinne ndani yake, ambayo hayafanani. Akanyamaza. Akaitaja tena ile fafanuzi. Nikanyamaza mimi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, amejifunika kanga. Nikamwomba tuitandaze mezani. Kanga mnaijua: ni mstatili, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake, yale maandishi. Ile ilikuwa ya rangi iliyopenya vizuri upande wa pili, na mji wake umechorwa kwa ulinganifu. Maandishi tukayaziba kwa karatasi, mbele na nyuma. Nikamuuliza: unaweza kuigeuza kwa njia ngapi, ikalala mezani kama ilivyokuwa mwanzo, mtu aliyetoka nje asijue kwamba umeigusa?

Akaanza kuhesabu. Kuiacha ilivyo, hiyo moja. Kuizungusha nusu mzunguko. Kuipindua kulia kwenda kushoto. Kuipindua juu kwenda chini. Nne. Robo mzunguko je? Akajaribu, akacheka, kanga si mraba. Nikamwambia afanye mbili kwa kufuatana: pindua kulia kwenda kushoto, halafu juu kwenda chini. Ikawa sawasawa na nusu mzunguko. Akatengeneza jedwali lake kwenye karatasi, nne kwa nne, mwenyewe.

Halafu nikamchorea uso wa saa, nikaweka alama kwenye kumi na mbili, tatu, sita na tisa. Nne pia, na ukizijumlisha hazitoki nje. Nikamuuliza kama hayo ni makundi yale yale yaliyobadilishwa majina tu. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema: mwalimu, kwenye kanga kila kitu ukikifanya mara mbili unarudi mwanzo, lakini kwenye saa, tatu na tatu ni sita, hurudi. Nikamwambia, basi yape majina mapya utakavyo, kanga haitapata kamwe elementi ya kufanya kazi ya ile tatu. Hapo ndipo alipoishika isomofizimu.

Tukaondoa karatasi. Maandishi yakajitokeza. Zile njia nne zimebaki ngapi?

Moja! Kuiacha ilivyo. Ukiizungusha, jina limesimama kichwa chini. Ukiipindua, linasomeka kinyumenyume. Maneno machache yamelimaliza kundi zima.

Msidhani nawachekesha. Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alifanya kazi ya miaka mingi juu ya ulinganifu uliomo katika vikapu na kazi nyingine za kusuka za watu wa huko. Na lipo jambo lililothibitishwa: pambo linalojirudia katika ukanda mmoja, kama ukili unaosukwa, lina aina saba tu za ulinganifu, hata msukaji awe fundi wa namna gani. Pambo linaloenea uso mzima, kama mkeka uliokwisha kushonwa, lina aina 17. Uthibitisho wa hizo 17 aliutoa Mrusi Yevgraf Fyodorov mwaka 1891. Mkienda likizo Pemba au Mafia, kaeni na akina mama wanaosuka mhesabu mmeona ngapi.

Sawa. Uthibitisho wenyewe je? Maana mtihani hautauliza kanga.

Wengi mnauogopa kwa sababu mnauona umeshaandikwa, umenyooka, kila mstari mahali pake. Aliyeuandika hakuupata hivyo. Chukua huu mdogo kabisa: katika kundi, elementi isiyobadilisha chochote ni moja tu. Tuseme mtu anabisha, anadai zipo mbili, e na f. Mwambie azifanyie tendo pamoja, e na f. Kwa kuwa f haibadilishi kitu, jibu ni e. Kwa kuwa e haibadilishi kitu, jibu ni f. Jibu ni lile lile moja, basi e na f ni kitu kimoja. Tumemaliza. Mmeona tumetaja saa? Mmeona tumetaja kanga? Hatukutaja, na ndiyo faida ya udhahania: umethibitisha mara moja kwa saa, kwa kanga, kwa namba, na kwa makundi ambayo hakuna aliyeyaona bado.

Twende kwenye teoremu itakayowasumbua mwezi ujao, ya Lagrange. Inasema ukubwa wa kundi dogo lazima uugawanye ukubwa wa kundi lililolibeba, pasipo baki. Usikariri. Rudi kwenye saa. Kundi dogo ni kumi na mbili, tatu, sita, tisa. Lisogeze lote kwa saa moja: moja, nne, saba, kumi. Lisogeze kwa mbili: mbili, tano, nane, kumi na moja. Lisogeze kwa tatu: limerudi lilipokuwa. Umepata vipande vitatu, kila kimoja kina vinne, havigongani, hakuna saa iliyobaki nje. Tatu mara nne, kumi na mbili. Hivyo vipande ndivyo desa linaviita koseti. Sasa jiulize maswali mawili tu: kwa nini vipande havigongani, na kwa nini vina ukubwa sawa? Ukiyajibu kwa kutumia masharti manne, bila kutaja saa, teoremu ya Lagrange umeithibitisha mwenyewe. Nasema mwenyewe!

Hapa kuna mtego ambao kila mwaka unanasa watu. Sita inaigawanya kumi na mbili. Je, kila kundi la elementi 12 lina kundi dogo la elementi sita? Saa inalo: saa za shufwa. Watu wanaandika ndiyo, kwa kalamu nzito, maana Lagrange amesema. Lagrange hakusema hivyo. Alisema kama kundi dogo lipo, ukubwa wake unagawanya. Hakusema kila kigawo kina kundi dogo lake. Chukua vitu vinne uvibadilishe nafasi kwa njia zote zinazotokana na mabadilishano ya mbilimbili yaliyo idadi ya shufwa. Njia hizo ni 12, kundi kamili. Tafuta ndani yake kundi dogo la elementi sita. Utatafuta mpaka alfajiri, halipo. Kwa nini halipo? Nawapa dokezo, mkalifanye nyumbani: kundi dogo lililo nusu ya kundi zima lazima limeze mraba wa kila elementi, yaani elementi ikitendwa na yenyewe. Hesabuni miraba ni mingapi katika lile kundi la 12, mwone kama inaenea katika sita.

Sasa lile swali ambalo najua limewakaa midomoni: tutaitumia wapi?

Wengi wenu mnasomea ualimu, na swali hili mtaulizwa na watoto wa kidato cha pili wasio na huruma. Basi chukueni kitabu cha zamani kilichochapishwa hapa Tanzania, mtazame namba ya utambulisho nyuma. Inaanza na 9976 au 9987, jumla yake tarakimu kumi. Zidisha kila tarakimu kwa nafasi yake: ya kwanza kwa moja, ya pili kwa mbili, mpaka ya kumi kwa kumi. Jumlisha. Jibu lazima ligawanyike kwa 11. Ndiyo maana vingine vinaishia na herufi X: tarakimu ya mwisho ilitakiwa kuwa kumi, na nafasi ni ya tarakimu moja.

Kwa nini walichagua 11, namba ya usumbufu hivyo, badala ya kumi? Kwa sababu 11 ni namba tasa. Katika hesabu ya mabaki ya 11, ile ya kuzunguka kama saa ila kwenye 11, vitu viwili visivyo sifuri havizidishani vikawa sifuri. Kwa hiyo karani akikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Akibadilisha nafasi za tarakimu mbili tofauti, popote zilipo, hesabu inakataa.

Tangu tarehe 1 Januari 2007 vitabu vimehamia tarakimu 13, sawa na barkodi za dukani. Kachukueni pakiti ya majani ya chai ya kampuni iliyosajili barkodi zake Tanzania, inaanza na 620. Ya Kenya inaanza na 616. Huku tarakimu zinazidishwa kwa moja, tatu, moja, tatu, na jumla lazima igawanyike kwa kumi. Ukikosea tarakimu moja, mashine inagundua. Lakini ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa tano, mfano 1 na 6 au 2 na 7, mashine inapitisha! Kwa nini? Kwa sababu kosa linalotokea ni mbili mara tano, na mbili mara tano ni kumi, na katika hesabu ya kumi hiyo ni sifuri. Mbili si sifuri, tano si sifuri, wamezidishana wakawa sifuri.

Mkifika nusu ya pili ya muhula, mtaambiwa kuna ringi, seti ambamo unajumlisha, unatoa na kuzidisha, na kuna uga, ringi ambamo unaweza pia kugawanya kwa kila kisicho sifuri, na mtaona fafanuzi mbili ndefu zinazotofautiana kwa vitu vinavyoonekana vidogo. Mabaki ya kumi ni ringi tu. Mabaki ya 11 ni uga. Nendeni mkazione hizo tofauti kwenye rafu ya duka na kwenye rafu ya maktaba kabla ya kuzikariri. Mambo ya kuficha siri za mawasiliano, kama njia ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977, nayo ni hesabu za mabaki hizi hizi, lakini hayo yana kozi yake.

La mwisho ni diskasheni, vile vikundi vyenu vya kujisomea.

Aliyeipa aljebra hii sura tunayoifundisha leo, kuliko mtu mwingine yeyote, ni Emmy Noether, mwanamke wa Ujerumani. Alifika Göttingen mwaka 1915 kwa mwaliko wa David Hilbert na Felix Klein, na kwa kuwa chuo hakikutaka mwanamke afundishe, mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert. Kibali chake mwenyewe alikipata mwaka 1919. Mwaka 1921 akatoa kazi yake juu ya ringi na ideali, aina ya seti ndogo ndani ya ringi, ambayo matunda yake bado tunayala. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ukamfukuza kazi kwa kuwa Myahudi. Alifanya nini? Aliwaita wanafunzi nyumbani kwake, wakaendelea kujadili hisabati sebuleni, kabla hajahamia Marekani alikofariki mwaka 1935.

Mihadhara yake haikuwa na mpangilio mzuri, waliomsikia wanakiri. Wageni wengine walipotea. Waliokaa naye walifaidi kwa sababu walibishana naye, darasani na matembezini, mawazo yakiwa bado mabichi.

Sasa nitazame diskasheni zenu. Watu sita, maswali sita, kila mtu anachukua lake, Alhamisi mnakutana kunakili. Hiyo ni diskasheni? Mtu mmoja asimame ubaoni bila karatasi. Atoe mfano kwanza. Wengine kazi yao iwe kuuliza "kwa nini?" mpaka ajibu au akae, na akikaa asichekwe, maana zamu inazunguka. Na mjadili kwa lugha mnayobishania mpira. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, andikeni kwa Kiingereza, sawa. Lakini mtu ambaye hawezi kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini koseti hazigongani, hicho Kiingereza alichoandika ni cha desa.

Viongozi wenu wameniambia chumba hiki kitakuwa wazi kila Jumatano jioni, ubao upo, chaki nimeahidi kuleta mimi. Wiki hii anzeni na lile kundi la 12 lisilo na kundi dogo la sita. Atakayepata uthibitisho asiupige picha kuutuma kwenye kundi la WhatsApp. Aje ausimamie ubaoni, tumuulize.

Muda uliobaki ni wa maswali. Dada pale nyuma mwenye begi jekundu, umenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye barkodi. Simama uulize, na useme kwa nguvu, mafeni haya yana kelele.